Shandon: Majengo, Majina na Siagi ya Wanawake

Mtaa wa Shandon uko juu ya kilima, upande wa kaskazini wa mto Lee, katika mji wa Cork ulio kusini mwa Ayalandi. Jina lake limetokana na maneno mawili ya Kiayalandi, sean na dún, yaani ngome kuukuu. Ngome yenyewe ilitoweka zamani, ila jina limebaki. Aghalabu mahali pa namna hii huelezwa kwa kutaja majengo yake na miaka yalipojengwa. Makala haya yanachukua mkondo mwingine. Yanausoma mtaa kama matini na kuuliza ni nani anayesikika ndani yake na ni nani aliyenyamazishwa.

Anayesikika kwanza ni Kanisa la St Anne, lililojengwa mwaka 1722. Mnara wake una kuta mbili za mawe mekundu na mbili za mawe meupe ya chokaa, na wenyeji husema kwamba rangi za mji wa Cork zilitokana nao. Juu kabisa pana samaki wa dhahabu ambaye hugeuka kuonyesha upepo unatoka wapi. Kengele nane za mnara huo zilipata umaarufu kutokana na shairi la Francis Sylvester Mahony, kasisi aliyeandika kwa lakabu ya Father Prout. Saa yake ya mwaka 1847 ina nyuso nne ambazo kwa muda mrefu zilikuwa hazipatani dakika; kwa sababu hiyo watu wa mji huiita mwongo mwenye nyuso nne. Ni mzaha mzuri, hasa ikikumbukwa kwamba saa hiyo ilisimama juu ya soko lililojitapa kwa uaminifu wa vipimo vyake.

Soko hilo lilikuwa la siagi. Mwaka 1769 wafanyabiashara wa Cork waliunda kamati ya kusimamia biashara hiyo, na katika karne ya 19 soko la Shandon likawa kubwa kuliko masoko yote ya siagi duniani. Siri ya mafanikio yake haikuwa wingi wa ng'ombe peke yake. Kila pipa lilipofika lilikaguliwa: mkaguzi alidunga chombo chembamba cha chuma hadi ndani, akakitoa na ute wa siagi, akanusa na kuonja, kisha akalipa pipa daraja lake. Pipa lenyewe pia lilipimwa, maana wapo waliotumia mbao nzito au zilizorowa maji ili kuongeza uzito. Hivyo mnunuzi aliyekuwa ng'ambo ya bahari aliweza kununua bidhaa asiyoiona, akiitegemea alama iliyochomwa kwenye mbao.

Kumbukumbu ya shughuli hiyo imo katika jina la jengo la duara liitwalo Firkin Crane, lililosanifiwa na Sir John Benson na kujengwa mwaka 1855. Firkin ni pipa dogo, na neno hilo limetokana na Kiholanzi cha kale likiwa na maana ya robo. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kusikia pishi na kibaba hatashangaa kuona kipimo kikiishi ndani ya lugha baada ya watu kuacha kukitumia.

Siagi ya Cork ilitiwa chumvi nyingi ili istahimili joto. Kwa njia hiyo iliweza kusafirishwa hadi Ureno, Brazili na visiwa vya Karibi. Katika visiwa hivyo, pamoja na nyama ya chumvi kutoka bandari hiyohiyo, ilitosheleza mahitaji ya uchumi wa mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Sehemu ya utajiri ulioijenga Cork ya karne ya 18 ilitokana na mashamba hayo. Hili halionekani kwenye ukuta wowote wa Shandon.

Siagi ilifika sokoni kwa barabara. Iliyo maarufu ni ile iliyojengwa mwaka 1748 kutoka Kerry hadi Cork kupitia Millstreet, na hadi leo njia za namna hiyo huitwa barabara za siagi. Wakulima wengi walikuwa wapangaji wa ardhi. Wafanyabiashara waliwakopesha fedha mapema kwa sharti kwamba siagi yao iuzwe kupitia kwao, kwa hiyo pipa lilifika mjini likiwa tayari lina deni.

Basi aliyeitengeneza siagi hiyo ni nani? Ni wanawake. Wao ndio waliokama, wakaengua malai, wakayasuka, wakaikanda siagi na kuitia chumvi. Jengo lao halipo Shandon, na anayewatafuta hana budi kuyaendea masimulizi ya jikoni. Ilikuwa mila kwamba mgeni aingiaye nyumbani wakati maziwa yakisukwa sharti naye ashike mpini asuke kidogo, ama sivyo angeondoka na baraka ya siagi. Iliaminika vilevile kwamba alfajiri ya tarehe 1 Mei mtu mwenye hila angeweza kukusanya umande wa malisho ya jirani na kujipatia siagi yote ya mwaka. Ni rahisi kuziita imani hizi ushirikina na kuzipuuza. Hata hivyo, zinasimulia hofu ya watu walioiona jasho lao likitoweka bila kumwona mwizi, nayo kodi na riba zilikuwa zikifanya kazi hiyo mchana kweupe.

Siagi ilikuwa ya kulipa kodi; kilicholiwa na maskini kilikuwa viazi. Viazi vilipooza kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakahama, ilhali mapipa yaliendelea kupanda kilima cha Shandon.

Soko lilidhoofika mwishoni mwa karne hiyo. Siagi ya Denmaki, yenye chumvi kidogo, iliwavutia Waingereza zaidi, na majarini, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1869, ilikuwa rahisi kununua. Kisha zikaja mashine za kutenga malai na viwanda vya ushirika. Cha kwanza kilianzishwa Drumcollogher mwaka 1889. Viwandani humo kazi ya kusimamia siagi ilishikwa na wanaume, na fedha ndogo ambazo mke wa mkulima alikuwa akizipata mkononi zikapitia kwenye vitabu vya ushirika. Soko la Shandon lilifungwa mwaka 1924. Firkin Crane sasa ni kituo cha ngoma na dansi. Karibu yake pana jumba la makumbusho ya siagi, na miongoni mwa vilivyohifadhiwa humo ni vyombo vya mbao vya kusukia maziwa nyumbani.