Mwovu Aliyeiga Sinema
Somo kwa walimu na wazazi wa Fizi na Baraka

Kusudi la somo: Kuwasaidia watoto wapambanue kati ya tendo linaloonyeshwa katika picha na tendo lenyewe.

1. Kisa

Katika vitabu vya hadithi za picha vya Marekani, vile vinavyosimulia habari za shujaa Batman, alitokea mwaka 1986 mtu mwovu aitwaye Film Freak, maana yake mwenye wazimu wa sinema. Alikuwa mwigizaji asiyepata sifa. Kichwa chake kilijaa filamu hata hakuweza tena kutenda neno lililo lake mwenyewe. Akitaka kutenda uhalifu, aliiga yale aliyoyaona katika filamu. Hata uovu wake ulikuwa wa kuazima.

Msomaji atacheka, aseme: Hayo ni mambo ya kubuni. Lakini nchi ya Kongo ilipata kuyaona yanayofanana na hayo, wala si katika kitabu.

2. Habari ya kweli

Katika miaka ya 1950, mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, ulikuwa na vijana wengi wasio na shule wala kazi. Serikali ya Wabeligiji iliwaruhusu Waafrika kuona filamu zilizopitishwa na wakaguzi tu. Hata hivyo filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani zilionyeshwa sana. Vijana wakazitazama, wakazishika moyoni. Wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa mashati ya miraba na vitambaa shingoni. Mitaa yao waliipa majina ya Kimarekani, kama Texas. Wakubwa wao waliitwa masherifu. Wakawa na lugha yao wenyewe, Hindubill, iliyochanganya Kilingala, Kifaransa na maneno mengine.

Kama wangeishia kwenye mavazi na majina, huo ungalikuwa mchezo wa ujana. Lakini makundi yalipigana kwa ajili ya mipaka ya mitaa, na wasichana wengi walidhulumiwa vibaya.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Katika sinema, mtu akipigwa risasi huanguka. Kisha mwigizaji huinuka, hujipangusa vumbi, akapokea mshahara wake. Katika mitaa ya Léopoldville mambo hayakuwa hivyo. Jeraha lilikuwa jeraha, na msichana aliyedhulumiwa alirudi kwa mama yake na machozi ya kweli. Picha huonyesha tendo, bali huficha gharama yake na mlipaji wake.

3. Aliyeigwa alikuwa nani?

Buffalo Bill alikuwa mtu kweli. Jina lake lilikuwa William Cody, aliyezaliwa mwaka 1846 na kufa mwaka 1917. Alikuwa mwindaji wa nyati na mpelelezi wa jeshi. Mwaka 1869 mwandishi mmoja alianza kumtungia hadithi zilizokuza mambo yake. Mwaka 1872 Cody alipanda jukwaani mjini Chicago, akajiigiza mwenyewe. Na tangu mwaka 1883 alizunguka na maonyesho yake makubwa. Sinema ikaja nyuma. Basi kijana wa Léopoldville aliiga filamu, filamu iliiga maonyesho, na maonyesho yaliiga hadithi. Alidhani ameshika mtu, kumbe ameshika kivuli cha kivuli.

Tena, katika filamu nyingi za namna hiyo wenyeji wa Marekani, walionyang'anywa nchi yao, walionekana kama maadui tu. Mtoto wa Kongo, ambaye nchi yake ilitawaliwa na wageni, alimshangilia mnyang'anyi.

4. Padri aliyeitwa Buffalo

Walikuwapo waliotaka vijana hao wakamatwe tu. Padri Jozef de Laet, Mbeligiji wa shirika la Scheut, alishika njia nyingine. Aliwaendea walipokuwa, akajifunza lugha yao, akakaa nao. Nao wakampa jina walilolithamini kuliko yote: Padri Buffalo. Hakuwaambia kwanza waache kuiga. Aliwapa mtu wa karibu wa kumwiga.

5. Fizi na Baraka

Siku hizi filamu haingoji mji mkubwa. Imo katika vibanda vya video na katika simu ya mkononi. Jina la Rambo, mtu wa filamu ya mwaka 1982, limechukuliwa na wapiganaji wa nchi kadhaa za Afrika. Mtoto wa Baraka akijiita hivyo, asipigwe. Aulizwe.

Tena aonyeshwe mfano ulio karibu naye. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, Bruda Vittorio Faccin aliuawa Baraka. Padri Luigi Carrara alipiga magoti kando ya mwili wa mwenzake, naye akauawa papo hapo. Siku hiyohiyo Padri Giovanni Didoné na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri mjini Uvira. Hakuna aliyeinuka kujipangusa vumbi. Walilipa gharama wao wenyewe, wala hawakumlipisha mwingine.

6. Maswali ya kuwauliza watoto baada ya filamu

1. Nani aliumia katika filamu hii? Je, tulimwona mama yake?
2. Shujaa alipoondoka, nani alibaki kuzika na kujenga tena?
3. Yupo mtu kijijini aliyetenda jema kwa gharama yake mwenyewe? Mtaje.

Neno la kushika: Kabla ya kuiga tendo, uliza nani atalilipia.