Miguu Ikivimba: Kazi ya Protini za Damu

Mtoto wa miaka miwili ana mashavu yaliyojaa na miguu minene. Majirani wanampongeza mama. Lakini mama anaona mambo mengine: mwanawe hachezi, hataki kula, nywele zimegeuka rangi na kunyonyoka, ngozi inabanduka. Mashavu yale yamejaa maji.

Zaidi kidogo ya nusu ya damu yetu ni majimaji ya rangi ya manjano hafifu yaitwayo plazma. Ndani yake mna protini za aina nyingi. Fibrinojeni hugandisha damu tukijikata. Kingamwili hupambana na vijidudu, na baadhi yake hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni; ndiyo maana mjamzito anapochanjwa pepopunda, kichanga naye hupata kinga. Iliyo nyingi kuliko zote ni albumini. Hutengenezwa na ini, na mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 35 hadi 50 katika kila lita ya plazma. Albumini husafirisha dawa na homoni, lakini kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji yasitoke kwenye mishipa. Ikipungua sana, maji huvuja na kujikusanya miguuni, usoni au tumboni.

Pima kwa kidole gumba

Bonyeza sehemu ya juu ya mguu wa mtoto, pale kamba za kiatu zinapokaa, kwa sekunde tatu, kisha achia. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili. Vishimo vikibaki kote, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ni unyafuzi, utapiamlo mkali unaoua.

Katika jamii zetu nyingi mtoto wa namna hii husemwa kwamba amebemendwa, na wazazi hulaumiwa kwa mwenendo wao wa ndoa. Maneno hayo yameua watoto, kwa sababu mama mwenye aibu humficha mwanawe ndani. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana miaka ya 1930, aliona ugonjwa huu ukiwapata watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi matupu. Leo tunajua kwamba magonjwa kama kuhara na surua, pamoja na ukosefu wa virutubishi vingine, huchangia pia.

Nyumbani usijaribu kumtibu kwa kumshindilia nyama na mayai. Mwili uliodhoofika hauwezi kubeba mzigo huo ghafla. Hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kisha huongezwa polepole. Vidonge vya kukojoza maji, ambavyo watu hununua dukani kwa nia njema, ni hatari kwake. Akishapona, au kabla hajaugua, ndipo dagaa, maharage, karanga na mayai vinapomjenga.

Kwa mtu mzima

Macho yanayovimba asubuhi na mkojo wenye povu lisiloisha ni dalili kwamba figo zinapitisha protini. Kula nyama zaidi hakutaziba tundu hilo. Figo zenyewe ndizo zitibiwe. Tumbo kujaa maji pamoja na macho kuwa manjano huelekeza kwenye ini, kiwanda cha albumini. Ini huharibiwa na pombe, homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya nafaka iliyoota ukungu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kausha mahindi vizuri kabla ya kuyahifadhi, na yaliyoota ukungu yatupe, hata kama njaa inabisha hodi. Kuyapika hakuondoi sumu. Dhidi ya homa ya ini B, mtoto hupata kinga katika chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Asikose hata moja.

Mjamzito kuvimba miguu kidogo jioni ni kawaida. Lakini akivimba uso na mikono, akaumwa sana kichwa au akaona ukungu machoni, asisubiri kesho: huenda ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Kliniki hupima presha, kisha huchovya kijiti katika mkojo kutafuta protini. Majibu hutoka papo hapo. Dada, kama hudhurio limepita bila kijiti hicho, kiulizie.