SOMO: GIA YA MKONO AU GIA YA OTOMATIKI? Mafunzo kutoka kwa wajenzi wa hotirodi wa Marekani



Penye gereji hapakosi ubishi wa gia. Mmoja atasema gari lisilo na klachi si gari, ni kitanda cha kubebea wagonjwa. Mwingine atajibu kwamba kukanyaga klachi kutwa nzima ni kujitafutia ugonjwa wa goti. Ubishi huu upo Marekani pia, tena mkali zaidi, kati ya watu wanaojenga magari yanayoitwa hotirodi.

Tumechukua somo kutoka kwao kwa sababu moja. Kiwandani na shambani mashine huchaguliwa na ofisi. Mfanyakazi huikuta imekwisha fungwa sakafuni. Mjenzi wa hotirodi huchagua mashine yake mwenyewe, huilipia mwenyewe, na mguu unaokaa kando ya giaboksi ni mguu wake. Tumtazame basi mtu wa namna hiyo, tuone anavyochagua.

1. HOTIRODI NI NINI?

Hotirodi ni gari kuukuu, mara nyingi Ford ya miaka ya 1920 au 1930, lililopunguzwa uzito na kutiwa injini yenye nguvu zaidi. Kazi hii ilishamiri kusini mwa California. Vijana wasio na fedha nyingi walinunua gari bovu, wakang'oa madigadi na kila kitu kisichohitajika, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya V8, na gari hilo linapendwa na wajenzi mpaka leo.

Mwaka 1937 klabu zao ziliungana kuwa chama kimoja, Southern California Timing Association, ili kupima kasi na kuweka utaratibu wa usalama. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 askari wengi walirudi na ufundi wa injini. Mwaka 1951 kikaundwa chama kingine, National Hot Rod Association, cha mashindano ya barabara iliyonyooka ya robo maili, yaani kama mita 400.

2. GIABOKSI INAFANYA KAZI GANI?

Injini ya petroli ikizunguka polepole haina nguvu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye magurudumu, itazimika kabla gari halijaondoka. Ndiyo maana kuna gia. Tuseme gia ya kwanza ni ya 2.5 kwa 1. Maana yake injini inazunguka mara 2.5 wakati shafti inayotoka inazunguka mara moja. Mwendo unapungua, lakini nguvu ya kusokota inaongezeka mara 2.5. Gari likishashika mwendo tunapanda gia, na katika gia ya moja kwa moja injini na shafti huzunguka sawasawa.

Kazi ya pili ni kuunganisha na kuachanisha injini na magurudumu. Hapo ndipo gia ya mkono na ya otomatiki zinapoachana njia.

3. GIA YA MKONO

Nyuma ya injini kuna flaiwili, sahani nzito ya chuma. Sahani ya klachi hubanwa kwenye flaiwili hiyo kwa springi. Ukikanyaga pedeli, sahani inaachia. Ukiiachia pedeli, inabana, na nguvu inapita yote.

Wajenzi wa zamani waliipenda sana giaboksi ya Ford ya mwaka 1939 yenye gia tatu, kwa sababu ilikuwa imara kwa nguvu za wakati ule na mti wa gia ulikuwa sakafuni. Wengine waliitia meno ya gari la Lincoln-Zephyr ili gia zikaribiane. Baadaye, injini zilipopata nguvu zaidi, zikaja giaboksi za gia nne: Borg-Warner T-10 kutoka mwaka 1957, na ile ya Muncie kutoka mwaka 1963, iliyopewa jina la mji wa Indiana ilikotengenezwa.

Faida zake ni hizi:
(a) Klachi ikishabana haitelezi, kwa hiyo nguvu haipotei katika joto la mafuta.
(b) Dereva anachagua mwenyewe wakati wa kubadili. Hili linasaidia injini ambayo nguvu yake iko katika mizunguko michache tu.
(c) Muundo wake unaeleweka, na fundi mwenye spana za kawaida anaweza kuufungua.

Hasara zake nazo zipo. Kila safari ya kuondoka inategemea mguu wa dereva. Leo ataachia klachi vizuri, kesho ataiachia haraka mno na matairi yatazunguka bure. Katika foleni za mjini, klachi ngumu ya gari la mashindano inachosha. Tena Ford ya mwaka 1932 ni nyembamba hapo chini: pedeli tatu na viatu vikubwa havielewani.

4. GIA YA OTOMATIKI

Chukua mapanka mawili yatazamane. Washa moja. Upepo wake utaanza kulizungusha la pili, ingawa hakuna mkanda wala mnyororo kati yake. Otomatiki inaanzia hapo, ila badala ya upepo kuna mafuta. Chombo hicho tunakiita tokonveta. Panka la injini linasukuma mafuta, panka la giaboksi linasukumwa. Katikati kuna panka la tatu linalogeuza mafuta yanayorudi ili yasaidie kusukuma tena. Kwa hiyo wakati wa kuondoka tokonveta inaweza kuongeza nguvu ya kusokota karibu mara mbili. Gari likisimama, mafuta yanateleza na injini haizimiki.

General Motors ilitangaza Hydra-Matic mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Hiyo ilikuwa na mapanka mawili tu, bila lile la katikati, na gia nne. Katika vita ilifungwa hata kwenye vifaru. Miaka ya 1950 kampuni ya B&M ya California ilianza kuziimarisha kwa ajili ya mashindano. Zikafuata Powerglide ya mwaka 1950 yenye gia mbili, TorqueFlite ya Chrysler ya mwaka 1956, Turbo-Hydramatic 400 ya mwaka 1964 na ndogo yake, 350, ya mwaka 1969. Hizi zote mjenzi wa hotirodi angeweza kuzipata kwenye uwanja wa magari mabovu.

Tusisahau waliozitengeneza. Tarehe 12 Agosti 1953 kiwanda cha Hydra-Matic cha Livonia, Michigan, kiliungua. Cheche za mtambo wa kukatia chuma ziliwasha mafuta ya kuzuia kutu, na moto ukakimbia chini ya paa la jengo kubwa lisilogawanywa na kuta za kuzuia moto. Wafanyakazi walipoteza maisha. Gia inayomrahisishia dereva kazi ilikuwa na bei ambayo haikuandikwa kwenye gari.

Faida za otomatiki: inaondoka namna ileile kila mara, mikono miwili inabaki kwenye usukani, na mtu mwenye mguu wa kushoto ulioumia anaendesha sawa na mwenzake. Hasara: sehemu ya nguvu inapotea mafuta yanapoteleza, na nguvu hiyo hugeuka joto. Mafuta yakizidi joto huacha wekundu wake, huwa kahawia na kunuka kuungua; hapo giaboksi inakufa. Kwa hiyo lazima pawe na kipoza mafuta. Tena umbo lake ni pana, na mara nyingi mjenzi hulazimika kukata chuma cha katikati cha fremu ya Ford ya zamani ili ikae.

5. MASWALI MANNE KABLA YA KUNUNUA

Swali la kwanza: Kazi ni ipi? Kwa mashindano ya robo maili ambayo ushindi unatokana na kurudia muda uleule kila safari, otomatiki inatangulia, na Powerglide yenye gia mbili tu inatumika huko mpaka leo. Gia yake ya kwanza ni kama 1.8 kwa 1, lakini gari jepesi lenye injini kubwa halihitaji zaidi. Kwa barabara ya kona nyingi na kwa anayefurahia kuendesha, gia ya mkono ina utamu wake.

Swali la pili: Injini ina tabia gani? Injini iliyotiwa kemshafti ya mashindano haina nguvu chini. Ukiipa tokonveta ya kawaida, itatetemeka na kuzimika kwenye taa za barabarani. Inahitaji tokonveta inayoiachia ifike mizunguko mingi zaidi kabla ya kushika, labda 2,500 au 3,000 kwa dakika. Lakini kadiri inavyochelewa kushika ndivyo joto linavyozidi katika safari za kawaida.

Swali la tatu: Gari litasafiri umbali gani? Tupige hesabu. Gari liko kilomita 100 kwa saa. Hizo ni kama mita 1,667 kwa dakika. Tairi likienda mita 2 kwa mzunguko mmoja, linazunguka mara 833. Difu ikiwa 4 kwa 1, shafti inazunguka mara 3,332, na katika gia ya moja kwa moja injini pia. Hiyo ni kelele na petroli ya bure. Ukiwa na gia ya juu ya 0.70, kama iliyomo katika otomatiki ya gia nne ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1982, injini itazunguka mara 2,332 tu. Giaboksi za mkono za gia tano au sita nazo zina gia ya aina hiyo. Kwa hiyo msafiri asiulize tu "mkono au otomatiki". Aulize gia ya mwisho ni ngapi.

Swali la nne: Nani atakaa humo, na nani atalipa? Mguu, goti, mgongo na mfuko vyote vina haki ya kusema. Bei si ya giaboksi peke yake. Upande wa mkono ongeza klachi, flaiwili, pedeli na nyumba ya klachi. Upande wa otomatiki ongeza tokonveta na kipoza mafuta.

6. KINGA KWANZA

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, flaiwili inazunguka mara 100 kwa sekunde moja. Flaiwili ya chuma cha kusubu ikipasuka hapo, vipande hukata sakafu, na miguu ya dereva ndiyo iko karibu. Kwa hiyo mjenzi mwenye akili hutumia flaiwili ya chuma cha pua kilichofuliwa au chuma kingine imara, na nyumba ya klachi ya chuma kinene cha kuzuia vipande. Otomatiki nayo si malaika: ngoma za ndani zinaweza kupasuka, na inahitaji ngao yake. Pia ifungwe swichi inayozuia injini kuwaka gari likiwa kwenye gia.

Somo hili lililipiwa kwa damu. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions karibu na Long Beach, giaboksi ya gia mbili ya gari la Don Garlits ilipasuka wakati wa kuondoka. Gari lilikatika vipande viwili, naye akapoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Mtazamaji mmoja pia aliumia vibaya. Siku hizo magari ya aina ile yaliweka injini mbele ya dereva, na dereva alikaa nyuma ya difu, miguu ikiwa kando ya mashine.

Garlits hakusema "ni bahati mbaya". Akiwa hospitali alianza kupanga gari ambalo dereva anakaa mbele na mashine inabaki nyuma yake. Gari hilo lilishinda mwaka 1971, na baada ya miaka michache karibu wote wa daraja lake wakafuata. Mtu aliyeumizwa na mashine alikuwa pia mwenye madaraka ya kuipanga upya, ndiyo maana mabadiliko yalichukua miezi na si miaka ishirini.

7. TUNAJIFUNZA NINI?

Hakuna gia iliyo bora kwa kila mtu. Iko gia inayofaa kazi fulani, injini fulani na mwili wa mtu fulani. Anayechagua kwa kiburi, akitaka kuonekana dume wa klachi, au kwa uvivu, akitaka kukanyaga mafuta tu, atalipa mara mbili.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Maswali yale manne yanafaa kuulizwa juu ya mashine ya kukamua miwa, ya kukausha chai, ya kufuma nguo. Wakati tawi linapoambiwa mashine mpya inakuja, tusisubiri ifungwe. Tuulize: ni ya kazi gani, joto lake linakwenda wapi, ikipasuka vipande vitaelekea kwa nani, na nani ataisimamia zamu ya usiku? Kuuliza hivyo hakuzuii maendeleo. Mjenzi wa hotirodi anauliza vivyo hivyo, na hakuna anayempita kwa kupenda mashine.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya klachi na tokonveta.
2. Gari lina difu ya 3 kwa 1 na tairi la mita 2. Likiwa kilomita 100 kwa saa katika gia ya moja kwa moja, injini inazunguka mara ngapi kwa dakika?
3. Katika idara yako, ni mashine ipi ambayo mfanyakazi anasimama mahali vipande vitakaporuka? Taja kinga inayotakiwa.
4. Mashine ya mwisho kuletwa kazini kwenu, nani aliulizwa kabla ya kununuliwa? Andikeni majibu, mwakilishi ayapeleke kwenye kikao kijacho cha usalama.