UFUGAJI WA SAMAKI: Jinsi ya Kujenga Tangi la Plaiwudi Lisilovuja

Kufuga samaki si jambo geni katika Kenya. Majaribio ya kufuga perege mabwawani yalianza mwaka 1924, na mwaka 1948 kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kuchimbia wakulima mabwawa, na watu wa Magharibi walipata fungu lao. Lakini baadhi ya mabwawa hayo yaliachwa baadaye, kwa kuwa maji yalipungua au chakula cha samaki kilikuwa ghali.

Bwawa lataka udongo wa mfinyanzi na maji ya karibu. Mtu mwenye shamba dogo huko Mabanga, au mwenye kupanga nyumba mjini Bungoma au Kitale, huenda hana hata kimoja cha hivyo. Mtu huyo aweza kujenga tangi la mbao. Kazi hii haihitaji fundi mkubwa, lakini yahitaji uangalifu, maana tangi likipasuka usiku mmoja, jasho la miezi sita hupotea kabla ya jogoo kuwika.

UZITO WA MAJI

Kwanza yafaa kufahamu adui ni nani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi linaloelezwa hapa lina urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2, na maji ya kina cha sentimita 50. Hushika lita 1,400 hivi, yaani uzito wa zaidi ya tani moja. Maji hayo hayakandamizi chini tu, bali husukuma pande zote. Ukuta mmoja mrefu husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 300.

Tena nguvu hiyo haiongezeki kidogo kidogo. Kina kikiongezwa mara mbili, nguvu inayosukuma ukuta huzidi mara nne. Basi anayetaka samaki wengi na aongeze urefu wa tangi, wala asiongeze kina.

KUCHAGUA MBAO

Plaiwudi hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mti zilizogandishwa kwa gundi. Iko plaiwudi ya kutengenezea makabati, ambayo gundi yake huyeyuka kwa maji. Hiyo haifai kabisa. Inunuliwe ile ya kazi za nje, yenye unene wa milimita 18. Mwenye shaka na achemshe kipande kidogo katika sufuria kwa muda wa saa moja au mbili. Tabaka zikiachana, mbao hiyo ni ya makabati.

Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, na mbao zilizopakwa oili chafu ya motokaa, zisiguse maji ya samaki. Kilicho sumu kwa mchwa ni sumu kwa samaki pia.

KUKATA NA KUUNGANISHA

Plaiwudi tatu za futi 8 kwa 4 zatosha. Ya kwanza ni sakafu, nayo haikatwi. Ya pili ipasuliwe katikati kwa urefu, ipatikane kuta mbili ndefu. Ya tatu ikatwe nusu, na nusu moja ipasuliwe iwe kuta mbili fupi. Kuta fupi zipunguzwe milimita 36, ili ziingie barabara kati ya zile ndefu. Nusu inayobaki iwekwe kwa matengenezo.

Kila kiungo kipakwe gundi isiyoyeyuka kwa maji, kisha kikazwe kwa skrubu, moja kila sentimita 15. Misumari haifai, kwa maana hulegea mbao zinapovimba na kusinyaa.

Baadaye tangi lifungwe kwa nje mikanda miwili ya mbao za inchi 4 kwa 2, mmoja chini na mmoja juu, na nguzo fupi kila sentimita 60. Juu zipitishwe mbao mbili za kuvuka kutoka ukuta mrefu hadi wa pili. Asiyeweka mbao hizo ataona kuta zake zimefura kama tumbo la ng'ombe.

Tangi likae juu ya mawe na maboriti yaliyosawazishwa kwa pimamaji, boriti moja kila sentimita 40. Hivyo mchwa wataonekana kabla hawajafika kwenye mbao.

KUZUIA MAJI

Mafundi wa majahazi huko Lamu wamejua siku nyingi kwamba ubao mtupu hauzuii maji. Wao hukalafati, yaani hushindilia pamba yenye mafuta katika nafasi za mbao. Kwa tangi la samaki ziko njia mbili.

Njia ya kwanza ni epoksi. Pembe zote za ndani zipakwe epoksi na kubandikwa utepe wa kitambaa cha faibaglasi, kwa kuwa tangi huanza kuvuja pembeni. Kisha ndani pote papakwe mara tatu. Mbao ziwe kavu kabisa, na mpakaji afanye kazi mahali penye hewa, mikono yake imefunikwa. Dawa hiyo iachwe kwa muda wa juma moja ipate kukauka sawasawa, halafu tangi lioshwe.

Njia ya pili ni rahisi zaidi: kutandika ndani karatasi nzito ya plastiki ya kutandikia mabwawa. Kwanza yatandikwe magunia makuukuu, ili kichwa cha skrubu kisiitoboe. Karatasi ikunjwe pembeni bila kukatwa, ipitishwe juu ya ukingo, na kubanwa kwa vipande vya mbao upande wa nje. Isipigwe msumari hata mmoja chini ya usawa wa maji.

KUJARIBU

Tangi lisijazwe kwa siku moja. Litiwe maji ya sentimita 15, liachwe siku nzima, kisha 30, kisha 50. Kando yake iwekwe ndoo ya maji, na alama ya penseli itiwe katika vyombo vyote viwili. Maji yakipungua sawa katika ndoo na katika tangi, ni jua lililoyachukua. Yakipungua zaidi katika tangi, tangi linavuja.

Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaachwe wazi siku mbili kabla ya kutia samaki.

SAMAKI GANI?

Kwa tangi, kambale ni bora kuliko perege, kwa kuwa aweza kuvuta hewa juu ya maji. Vifaranga 50 vyatosha kwa kujifunza. Vitengwe kwa ukubwa, maana kambale wakubwa huwala wadogo. Sehemu ya maji ibadilishwe mara kwa mara, nayo yamwagwe katika bustani ya mboga, ambako ni mbolea. Mtu wa Kitale, palipo juu zaidi ya mita 1,800, akumbuke kwamba baridi huchelewesha samaki kukua. Tangi lake liwe chini ya paa, mbali na upepo.

Mwisho, tangi lifunikwe kwa wavu imara uliofungwa. Wavu huzuia ndege na huzuia kambale kuruka nje; lakini kazi yake kubwa ni kulinda watoto. Maji ya sentimita 50 yatosha kumzamisha mtoto mdogo.

MASWALI

1. Kwa nini ni afadhali kuongeza urefu wa tangi kuliko kina chake?
2. Plaiwudi ya nje yatambulikanaje na ile ya makabati?
3. Ndoo iliyowekwa kando ya tangi ina kazi gani?