Viini Vingi au Mwendo Mkubwa? Hesabu ya Kuunganisha Picha za Filamu kwa Kompyuta

Mtu atazamapo filamu akaona jahazi likizama katika tufani, au mji mzima ukiteketea kwa moto, aghalabu aonacho si picha moja bali ni picha nyingi zilizowekwa moja juu ya nyingine. Jahazi limepigwa picha peke yake, bahari peke yake, moshi peke yake, na waigizaji wamesimama chumbani mbele ya kitambaa cha kijani. Kazi ya kuyakusanya matabaka hayo yote mpaka jicho lisadiki kuwa ni kitu kimoja ndiyo tuiitayo uunganishaji wa picha. Zamani ilifanywa kwa mashine maalumu ya kuchapia filamu: utepe mmoja ulimulikwa na kupigwa picha upya juu ya utepe mwingine, tabaka baada ya tabaka, na kila safari ubora wa picha ulipungua kidogo. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 iliunganishwa kwa namna hiyo. Siku hizi kazi hiyo ni ya kompyuta, nayo ni hesabu tupu.

Katika makala haya twataka kuchunguza swali moja linaloonekana dogo: ni kichakataji cha namna gani kifaacho kwa kazi hiyo? Swali lenyewe lilimfikia mwandishi kwa njia ya malalamiko. Karakana moja ndogo ya filamu ilikuwa imetumia karibu akiba yake yote kununua kompyuta yenye viini 32, ili kuachana na ile ya zamani iliyokuwa na viini 8. Wenyewe walitarajia kwamba kazi ya usiku kucha ingekwisha kabla ya chakula cha jioni. Haikuwa hivyo. Mashine mpya ilikwenda sawasawa na ile kuukuu, na siku walipoilazimisha kutumia viini vyake vyote kwa mpigo, ikawa nzito kuliko kuukuu. Wakasadiki kwamba wameuziwa mashine bandia. Msomaji ataona kwamba mashine ilikuwa halali kabisa.

Tuanze na hesabu yenyewe. Picha ndani ya kompyuta ni jedwali la nukta, yaani pikseli, na kila pikseli ina namba nne: wekundu, ukijani, ubuluu na alfa. Alfa hupima kiasi ambacho tabaka huziba kilicho nyuma yake: 1 maana yake limeziba kabisa, 0 maana yake hapana kitu mahali pale. Wazo la kuihifadhi alfa pamoja na rangi lilianzishwa na Alvy Ray Smith na Ed Catmull huko New York mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa Lucasfilm, wakazieleza kanuni zake kwa aljebra. Watu hao wanne walitunukiwa tuzo ya ufundi ya Academy ya filamu ya Marekani mwaka 1996. Kanuni iliyo kuu ni hii:

matokeo = A + (1 − alfa ya A) × B

Hapa A ni rangi ya tabaka la mbele, ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa yake, na B ni rangi ya tabaka la nyuma. Tuchukue ukingo wa tanga mbele ya anga la machweo. Wekundu wa tanga uwe 0.10, alfa yake 0.25, na wekundu wa anga uwe 0.60. Matokeo ni 0.10 + 0.75 × 0.60, yaani 0.55. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya hesabu hii bila kusaidiwa.

Ugumu basi hautoki katika hesabu, bali katika wingi. Fremu moja ya filamu iliyoingizwa katika kompyuta kwa kipimo cha pikseli 2048 kwa 1556 ina pikseli 3,186,688. Ikiwa kila namba yachukua baiti 4, pikseli moja yahitaji baiti 16, na fremu nzima ya tabaka moja yahitaji karibu baiti milioni 51. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24.

Sasa tazama jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Ili kuunganisha pikseli moja kwa kanuni ile, kichakataji hufanya hesabu tisa tu: kutoa mara moja, kisha kuzidisha na kujumlisha kwa kila moja ya namba nne. Lakini kwa ajili ya hesabu hizo tisa, baiti 16 za A na 16 za B lazima ziletwe kutoka katika kumbukumbu, na 16 za matokeo zirudishwe, jumla 48. Kichakataji cha leo hufanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde, na hesabu tisa si kitu kwake. Kuchukuliwa na kurudishwa kwa zile baiti 48 ndiko kunakokifanya kikae kikingoja. Ni kama shamba la mpunga lenye wavunaji mia moja na mtumbwi mmoja wa kuvushia mavuno: ukiongeza wavunaji, wataongezeka waliokaa ukingoni mwa mto.

Si kazi zote zilizo nyepesi hivyo. Ukitaka kuifanya picha iwe na ukungu, kila pikseli mpya hupatikana kwa kuchanganya pikseli za jirani. Ukungu wenye upana wa pikseli 41 kila upande wahitaji kuzidisha mara 41 × 41, yaani 1,681, kwa kila namba ya kila pikseli. Hapa kichakataji hutoka jasho kweli. Hata hivyo ukungu wa namna ya Gauss una tabia njema: waweza kufanywa kwanza kwa mlalo, kisha kwa wima, na matokeo yakawa yale yale. Basi badala ya 1,681 twafanya 82 tu. Mtu aliyeandika programu kwa akili ameokoa kazi zaidi ya mara ishirini bila kununua kitu. (Ukungu wa lenzi, ule ugeuzao taa za mbali kuwa visahani vya mviringo, hauna tabia hiyo, ndiyo sababu ni ghali.)

Turudi kwenye viini. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji waliongeza mwendo wa vichakataji kwa kuongeza mapigo yake kwa sekunde. Yapata mwaka 2004 joto likawa kizuizi, wakaanza kuweka viini viwili, vinne, na kuendelea ndani ya kichakataji kimoja. Lakini tangu mwaka 1967 mhandisi wa IBM, Gene Amdahl, alikwisha onya kwamba kazi yoyote ina sehemu isiyogawanyika. Katika karamu ya arusi, wapishi thelathini waweza kumenya vitunguu na kuchambua mchele kwa dakika chache. Chungu cha pilau hakiivi haraka kwa sababu ya wingi wao. Katika kazi yetu, chungu hicho ni kusoma faili kutoka katika diski, kulifumua, kufuata mwendo wa kitu ambacho mahali pake katika fremu hii hutegemea fremu iliyotangulia, na kuandika matokeo.

Sehemu hiyo tuiite s, na idadi ya viini n. Kazi ambayo kiini kimoja huimaliza kwa muda wa 1, viini n huimaliza kwa muda wa s + (1 − s) ÷ n. Mashine kuukuu ya karakana ile ilikuwa na viini 8 vya gigahazi 5. Mpya ilikuwa na viini 32 vya gigahazi 3. Anayezidisha haraka haraka ataona 40 dhidi ya 96, naye atafungua mkoba. Sasa tuchukue s kuwa 0.1. Mashine kuukuu hupata 5 ÷ (0.1 + 0.1125), yaani 23.5. Mpya hupata 3 ÷ (0.1 + 0.028), yaani 23.4. Sawa kwa sawa! (Nikiri hapa kwamba gigahazi si kipimo kamili, kwa kuwa vichakataji viwili vyaweza kufanya kazi tofauti kwa pigo moja, twaitumia kwa urahisi wa hesabu.)

Yako matumaini lakini. Filamu ni fremu nyingi, na mara nyingi fremu moja haiitegemei nyingine. Badala ya viini 32 kugombania fremu moja, kila kiini chaweza kupewa fremu yake, na hapo 96 hukaribiwa kweli. Programu hutofautiana katika hili. Nuke, iliyoanzishwa mwaka 1993 katika Digital Domain huko California, huigawa fremu katika mistari na kuvigawia viini mistari hiyo. After Effects, ya mwaka 1993 pia, ilikuwa na njia ya kukokotoa fremu kadhaa kwa pamoja, ikaondolewa mwaka 2015, ikarudi kwa umbo jipya mwaka 2021.

Hapo ndipo karakana yetu ilipoumia. Fremu zao zilikuwa na matabaka 20, basi fremu moja ikiwa kazini ilihitaji karibu baiti bilioni 1. Fremu 32 kwa pamoja zahitaji zaidi ya bilioni 32, na mashine nzima ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 32, ambamo mfumo wa uendeshaji na programu yenyewe vilitaka nafasi. Kilichozidi kilimwagwa katika diski, na diski ni polepole mno kuliko kumbukumbu. Walishauriwa kuiamuru programu ichukue fremu 12 tu kwa wakati mmoja, na fedha zitakapopatikana waongeze kumbukumbu, wasinunue kichakataji kingine. Mashine ikaanza kuitwa nzuri siku ile ile.

Kuna pia vichakataji vya michoro, vyenye maelfu ya viini vidogo na kumbukumbu ya kwao yenye mkondo mpana. Kwa ukungu wa lenzi havina mpinzani. Ila picha lazima zisafirishwe kwenda huko na kurudi, na kwa kazi ya hesabu tisa safari hiyo yaweza kuwa ndefu kuliko kazi.

Mwalimu aweza kulipa darasa zoezi hili: tafuteni thamani ya s ambayo kwayo mashine zile mbili zalingana barabara, kisha semeni ni mashine ipi hushinda s ikiwa 0.05, na ipi ikiwa 0.2. Jibu la sehemu ya kwanza ni 7/71.