Kabla ya Kununua Ploti Macalder: Udongo Upimwe Kwanza

Hati miliki ya ploti huko Macalder, Nyatike, katika Kaunti ya Migori, hutaja nambari ya kipande, ukubwa wake na jina la mwenyewe. Haitaji shimo lililo chini yake, wala zebaki iliyomo ndani ya udongo. Mnunuzi anayefunga safari kutoka Kisumu, akaonyeshwa hati safi na bikoni nne, huamini kazi imekwisha. Haijaanza.

Mgodi wa Macalder ulitoa dhahabu na shaba tangu enzi ya ukoloni hadi ulipofungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, mashimo na vifusi vya mawe yaliyosagwa vikabaki. Mawe hayo yana salfa nyingi. Yakipigwa na hewa na mvua hutoa maji makali yanayoyeyusha metali nzito na kuzipeleka kwenye visima na mito. Kisha wakaja wachimbaji wadogo, wanaume kwa wanawake. Mwamba husagwa, unga wake huoshwa, zebaki hutiwa ili inase chembe za dhahabu, na donge huchomwa motoni. Zebaki hupaa na moshi, hutua juu ya mabati na mashamba, na nyingine humwagika pale pale penye karai. Watafiti walioupima ukanda wa dhahabu wa Migori, wakachapisha matokeo yao mwaka 2002, walikuta zebaki, arseniki na madini ya risasi kwenye tope la mito.

Kwa hiyo onyo la kwanza, na litarudiwa: mnunuzi asilipe hata shilingi moja kabla udongo na maji ya ploti hayajapimwa. Zebaki haionekani kwa macho. Huharibu ubongo na figo, na mtoto huipata angali tumboni mwa mama. Ikifika Ziwa Victoria huingia mwilini mwa samaki, mbuta na ngege wale wale wanaouzwa Kisumu.

Sampuli zichukuliwe sehemu kadhaa, hasa palipokuwa na mashine ya kusaga au bwawa la kuoshea, na karibu na kisima. Tawi la Kisumu la Mkemia wa Serikali ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Gharama ya vipimo ni ndogo ikilinganishwa na bei ya ploti isiyolimika wala kujengeka, na kisingizio cha haraka hakikubaliki.

Hatari ya pili iko chini zaidi. Mnamo Desemba 2021 mgodi wa dhahabu wa Abimbo, Bondo, katika Kaunti ya Siaya, uliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Ardhi iliyotobolewa haichagui kati ya mchimbaji na ukuta wa nyumba. Wazee wa kijiji na naibu wa chifu wanajua mashimo yalipofukiwa. Waulizwe bila dalali kuwepo. Panapoonekana udongo uliodidimia, mimea isiyoota au maji ya rangi ya kutu, fundi asichimbe msingi.

Kuhusu hati yenyewe, mambo yamebadilika. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu ploti ya ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati na ilikuwa imelipa. Ilishindwa, kwa kuwa ardhi hiyo ya umma iligawiwa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Tangu hapo hakuna mnunuzi anayeweza kujificha nyuma ya karatasi. Upekuzi rasmi ni wa lazima, lakini mnunuzi afuate hati hadi chimbuko lake: aliyegawiwa kwanza, lini, na kwa utaratibu gani.

Madini yaliyo ardhini ni mali ya taifa, hata hati iwe ya nani. Sheria ya Madini ya 2016 inasema hivyo waziwazi, na Serikali imefanya sehemu yake kwa kuweka daftari la leseni ambalo mwananchi anaweza kulikagua. Ploti ikiwa ndani ya eneo lenye leseni, mnunuzi ajue kabla ya kutia sahihi. Ploti za kando ya ziwa nazo zina mtego wao: mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960, na mpaka uliopimwa wakati wa kiangazi haukuyazuia.

Shamba linahitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, kiombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Asiye raia haruhusiwi kununua shamba. Mke au mume wa muuzaji akubali kwa maandishi.

Mkataba nao utaje mashimo yote yanayojulikana na mahali palipooshewa dhahabu, kwa sahihi ya muuzaji. Majibu ya maabara yaambatishwe, na arbuni ikae kwa wakili mpaka yatoke. Muuzaji akikataa sharti hilo, mnunuzi aondoke na pesa zake.