Kipepeo wa Buluu na Sisimizi

Mmekwisha kuona vipepeo wadogo wa buluu wakikusanyika kwenye mchanga wenye maji, kando ya mto. Huko Uingereza wana ndugu yao aliye mkubwa kidogo. Mabawa yake yakifunguka hufika sentimeta 4 au 5. Ni ya buluu, yenye madoa meusi. Zamani alikaa kwenye miteremko ya majani iliyo juu ya bahari, pande za Cornwall na Devon.

Tuwafuate watu waliokwenda kumtafuta miaka ile. Mwezi wa sita unakwisha. Wamefunga mkate, wameshika nyavu, wanapita njia nyembamba. Upande mmoja bahari yavuma chini ya majabali. Upande mwingine mteremko unangoja jua. Asubuhi hakuna kitu, kwa maana kipepeo huyu haruki penye baridi. Jua likipanda, wanapiga magoti. Hawatazami juu, bali chini, wakitafuta mmea mdogo unaotambaa, wenye maua ya zambarau na harufu nzuri. Juu ya maua yale jike hutaga mayai. Usipoonekana mmea, ni bure kumtafuta kipepeo.

Mwaka kwa mwaka waliwaona wachache zaidi. Wengine wakasema, «Ni wenye nyavu wanaowamaliza.» Mahali pamoja wakajenga ua, watu wasiingie. Ng'ombe na farasi nao wakazuiwa. Majani yakaota marefu, ya kupendeza macho. Kipepeo akatoweka.

Kwa nini? Jibu lilikuwa chini ya ardhi. Kiwavi hula maua kwa majuma mawili matatu, kisha hujiangusha chini. Sisimizi mwekundu humkuta. Kiwavi hutoa maji matamu, sisimizi huyalamba, humdhani ni mtoto wa kwao, akamchukua kwa meno hadi kiotani. Lo! Mgeni huyu hana shukrani. Muda wa miezi 10 hivi huwala watoto wa mwenye nyumba. Tena hutoa mlio kama wa malkia wa sisimizi, nao humtunza! Mwezi wa sita, asubuhi, hutoka akiwa kipepeo, mabawa yamekunjamana, akapanda juu ya jani kuyakausha.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu Jeremy Thomas alikaa siku nyingi penye vipepeo wa mwisho, akihesabu mayai, viwavi na sisimizi. Akaona kwamba aina moja tu ya sisimizi wekundu yafaa. Katika viota vya aina nyingine viwavi karibu wote hufa. Na aina ile yataka udongo wenye joto, yaani majani mafupi, yasiyopita sentimeta 3 hivi. Majani yakirefuka, udongo hupoa, nao huondoka. Basi ng'ombe walikuwa wamefungiwa nje. Tena tangu mwaka 1953 ugonjwa uliwaua karibu sungura wote, waliokula majani yale. Jibu lilichelewa. Mwaka 1979 kipepeo yule alikwisha Uingereza nzima.

Lakini Uswidi walikuwako bado. Watu wakarudisha wanyama malishoni, majani yakaliwa, sisimizi wakaongezeka. Ndipo, tangu mwaka 1983, wakaleta vipepeo wa kisiwa cha Öland. Leo wanaruka tena kusini-magharibi mwa Uingereza. Anayetaka kuwaona hungoja jua la mwezi wa sita kama wale wa zamani, ila wavu huuacha nyumbani, maana sheria yakataza kuwakamata.

Maswali. Kwa nini ua haukumsaidia kipepeo? Kwa nini sisimizi humchukua kiwavi? Tafuteni kiota cha sisimizi karibu na shule. Kitazameni siku tatu, mwandike wanaingiza nini.